Mjomba, kuhusu zile gambuti

Mjomba, asalaam aleikum.

Juzi kwenye simu ulicheka mpaka ukakohoa, niliposema sisi madereva wa hapa Bombo, Uganda, tumechanga pesa za gambuti na makoti ya mvua ya askari wanaolinda vifaru kule Ziwa, ile hifadhi ya vifaru iliyoko Nakasongola. Ukaniuliza: "Hospitali haina dawa, nyie mnamvisha viatu mlinzi wa mnyama?" Salio likaisha kabla sijajibu. Nakujibu hapa mbele ya watu, maana si wewe peke yako unayesema hivyo.

Kwanza, nani alitufundisha kwamba kifaru ni mnyama? Sisi tuliokulia kando ya kambi ya jeshi, kifaru tulichokijua kilikuwa cha chuma, chenye mzinga. Ni wewe uliyekuwa ukija na basi la Arua, ukatuhadithia vifaru weupe wa hifadhi ya Ajai uliowaona ujanani, wanakula nyasi kama ng'ombe wa mtu. Tulidhani unatupiga chuku, na hatukuwa na pa kwenda kuhakikisha. Baada ya Amin kuanguka 1979 bunduki zilizagaa kila mahali, na kufikia 1983 hakukubaki hata kifaru mmoja porini Uganda nzima: si weupe wa kwenu Nile Magharibi, si weusi wa mbuga za Kidepo na Murchison. Ile aina uliyoiona wewe, weupe wa kaskazini, leo wamebaki wawili tu duniani. Wako hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mama na binti yake. Dume la mwisho lilikufa Machi 2018.

Wa Ziwa ni weupe wa kusini, tuseme binamu zao. Walianza sita: wanne wa kutoka Kenya mwaka 2005, wawili wa kutoka Marekani mwaka uliofuata. Ndama wa kwanza akazaliwa 2009, baba wa Kenya, mama wa Marekani. Wakamwita Obama, wangemwita nani tena? Sasa wamepita 40. Na kifaru hubeba mimba miezi kumi na sita, kwa hiyo ukiua jike mmoja umefuta miaka ya kungoja.

Mimi nilifika pale mara ya kwanza kwa kupeleka wageni. Gari tuliliacha, tukaingia kwenye nyasi kwa miguu nyuma ya askari mmoja kijana. Alituweka upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwetu, kwa sababu kifaru haoni vizuri, ila pua na masikio yake hayana mchezo. Akasema kifaru akigeuka, simameni nyuma ya mti, msikimbie. Kisha akatoa daftari. Mjomba, lile daftari ndilo lililonigeuza. Saa hii amekula, saa hii amelala, saa hii amekwenda majini, huyu na ndama wake wako hapa. Wanaandika mchana, zamu inabadilishwa, wanaandika usiku. Kuna uzio wa umeme unaozunguka kilomita za mraba kama 70, lakini uzio hausikii hatua za mtu. Anayesikia ni huyu aliyesimama gizani tangu magharibi, kupe miguuni, mbu masikioni, mvua ya Nakasongola ikimshukia, na kilo 2,000 za mnyama zikipumua upande wa pili wa kichaka.

Na mtu ambaye askari huyu anamngoja si mwindaji wa kitoweo. Pembe ya kifaru ni kitu kilekile cha kucha zako, lakini huko Vietnam na China wapo wanaoitafuta kama dawa na kama fahari, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1977. Jangili anayetumwa hupata makombo tu, ila bunduki anayobeba ni ya kweli. Utaniambia sheria ipo. Ipo, ya wanyamapori ya 2019, na ni kali: mwaka 2022 mahakama ya Kampala ilimfunga mtu maisha kwa pembe za ndovu. Lakini hakimu humkuta mnyama ameshakufa. Anayemkuta akiwa hai ni yule wa daftari.

Kuhusu dawa za hospitali, sikubishii. Mwanangu nami nimempanga foleni nikarudi na karatasi ya kwenda kununua dukani. Ila ile pesa ya gambuti haikutoka kwenye fungu la dawa, ilitoka mifukoni mwetu, na sisi tunaokula kwa barabara ya Gulu tunajua mgeni anasimama Nakitoma, penye njia ya kuingia Ziwa, kwa sababu gani. Muuza chapati wa pale anajua pia. (Tuliwahi kuchangia watu fulani, wakatushonea fulana zenye picha ya kifaru. Fulana! Safari hii tuliuliza kwanza askari wanakosa nini, tukanunua wenyewe, kila mtu na saizi yake.)

Basi la Arua linapita Nakitoma, Mjomba. Ukija Idi hii shuka pale, usiendelee mpaka Bombo, nipigie nije na gari. Nataka usimame na yule kijana nyuma ya mti, umwambie wa Ajai walikuwaje, maana yeye hajawahi kukutana na mtu aliyewaona. Na uvae viatu vya maana. Zile kandambili zako hazifai mle.