Mkorofi wa kazini, mfuate mwenyewe muongee

Mhariri, salaam. Naandika toka Masasi, naomba nafasi kidogo niseme hili la kuishi na watu wagumu kazini, maana naona wengi tunaumia nalo na tunachojua ni kusemana pembeni tu.

Mi nipo kwenye ubanguaji wa korosho mwaka wa sita sasa, upande wa kumenya. Kwa wasiojua, korosho ikishabanguliwa na kukaushwa inabaki na kile kiganda chekundu cha ndani, hicho ndo tunakitoa na kisu kidogo na ncha za vidole, taratibu, ukibonyeza vibaya inakatika na vipande bei yake sio ya korosho nzima. Tunalipwa kwa kilo. Sasa kuna dada wa mizani, jamani yule dada! Umemenya toka asubuhi mgongo unauma, unampelekea beseni lako anatia mkono anakoroga anaokota tatu zenye kiganda, anakusukumia beseni zima, "karudie", mbele za watu. Na mizani mshale bado unacheza yeye kashaandika. Tulimsema kwenye chai, tulimsema njiani, mwisho tukampelekea msimamizi maneno, ndo tukaharibu kabisa, msimamizi kamgombeza mbele yetu na kesho yake mabeseni yakarudi mara mbili.

Siku moja mvua ikanizuia kutoka nikamkuta anachambua peke yake, nikakaa nikamsaidia, kimya tu. Baadae nikamuuliza, dada hivi zikipita zenye kiganda we unapata hasara gani? Akasema mzigo ukirudishwa na mnunuzi anakatwa yeye. Yeye peke yake! Miaka yote hiyo hatukujua. Na mimi nikamwambia ukiturudisha mbele za watu inatuuma, na mizani tusubiri itulie utusomee kwa sauti. Hakuomba samahani, na mi sikuomba. Ila kesho yake aliusubiri mshale. Mpaka leo sio shoga yangu, akiamka vibaya ananuna kutwa, lakini beseni langu likiwa na shida ananiita pembeni.

Ndo maana nasema mfuate mwenyewe, mkiwa wawili, na muulize habari ya kazi. Ukianza na "kwanini una roho mbaya" hapo hamna maongezi tena, nani atakujibu hilo vizuri?

Ila kuna wengine sio wagumu, ni waonevu. Anayekushika mwili, anayekutisha kazi mpaka umkubalie, huyo usikae naye kumsaidia kuchambua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza unyanyasaji, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayosikiliza migogoro ya kazi, ipo hata hapo Mtwara mjini. Ukifukuzwa kwa uonevu una siku 30 tu za kupeleka lalamiko, wenzetu wengi wanakaa nyumbani wanalia mpaka siku zinapita, inaniuma sana hiyo.

Na nyie waajiri, mtu mmoja mkimbebesha makato ya mzigo mzima mnategemea awe mpole? Kwetu makato hayo bado yapo kwa dada wa mizani. Tumeomba kikao, wamenyaji wote pamoja na yeye, kabla korosho mpya hazijaanza kuingia Oktoba.

Mmenya korosho, Masasi