Barua kwa mwanangu anayekwenda kusomea mawasiliano ya dunia

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Huku Morogoro hatujambo. Mama yako anakusalimu, na anasema ukapime macho kabla ya safari, usingoje kufika huko.

Barua ya chuo nimeisoma, nikairudia. Shahada ya uzamili, mwaka mmoja, London, vyombo vya habari vya dunia na mawasiliano yanayovuka mipaka. Hongera sana, mama. Baba yako mdogo aliposikia aliuliza kwa nini usisome uhasibu, maana redio na tivii kila mtu anazo nyumbani. Sikumjibu pale pale kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Nimeona nikuandikie wewe, kwa kuwa swali hilo utaulizwa tena, na siku nyingine utaulizwa na mtu mwenye kazi ya kukupa au kukunyima.

Unajua nilikaa dawati la habari za nje hadi nilipostaafu, ila sidhani kama niliwahi kukueleza kazi ilivyokuwa. Teleprinta, mashine iliyochapa habari zilizotumwa na mashirika ya mbali, ilikuwa kwenye chumba chake, ikigonga mchana na usiku, na karatasi ikishuka mpaka sakafuni. Tulikuwa tunaichana kwa rula, tunachagua, kisha tunakaa kutafsiri. Mwisho wa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Ngara ni kwetu, Tanzania. Watu wale walipita mbele ya maofisa wetu, wakalala kwenye mashamba ya wakulima wetu. Lakini habari ya kwanza niliyoishika mkononi ilitoka kwa shirika la habari la Ulaya, kwa Kiingereza, ikiwa imekwenda kuhaririwa ng'ambo ndipo ikarudi Dar es Salaam. Nikakaa kutafsiri habari ya nchi yangu mwenyewe. Idadi ya wakimbizi ilikuwamo, na maneno ya wafanyakazi wa misaada yalikuwamo. Mkazi wa Ngara aliyeamka asubuhi akakuta shamba lake limejaa watu, kuni zimekwisha na kisima kimezungukwa, huyo hakuulizwa neno.

Mwandishi wa habari ile hakuwa na nia mbaya, na aliandika vizuri. Shirika lake lilikuwa na pesa ya ndege na simu ya setilaiti, sisi tulikuwa na gari moja la kugombania. Habari hufuata njia iliyolipiwa. Hilo ndilo ningependa uende nalo darasani: kila ukionyeshwa ujumbe uliovuka mpaka, uliza nani aliyelipia njia, na akiamua kuifunga, nani mwenye uwezo wa kumzuia.

Huko watakufundisha kwamba mjadala huu uliwahi kuitikisa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, na ni kweli. Miaka ya 1970 nchi zetu zilidai mpangilio mpya wa habari duniani, kwa kuwa mashirika machache ya Magharibi ndiyo yaliyokuwa yakitueleza sisi kwa sisi. Iliundwa tume chini ya Seán MacBride wa Ireland, na ndani yake alikuwamo hata Gabriel García Márquez, yule mwandishi wa riwaya wa Kolombia. Ripoti ilitoka mwaka 1980. Marekani ikajitoa UNESCO mwisho wa mwaka 1984, Uingereza ikafuata mwaka 1985. Isome ripoti yenyewe kabla ya kusoma waliyoandika wengine juu yake. Sisi tulikuwa na SHIHATA, shirika la habari la Tanzania, tangu mwaka 1976, na shirika la habari la Afrika, PANA, lilianza kutuma habari kutoka Dakar mwaka 1983. Yalifanya kazi kwa shida ya fedha, na baadhi ya serikali ziliyatumia kujisifu. Hilo nalo liseme darasani bila kuficha, maana ukiwalaumu wageni peke yao utakuwa umesema nusu.

Sasa nije kwenye jambo ninalokuombea ulifanyie tasnifu: wasikilizaji wa redio za ng'ambo zilizotangaza kwa Kiswahili. Uamuzi ni wako, ila nisikilize.

Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwashambulia wakoloni wazi wazi. London, yaani BBC, ikaanza Juni 1957. Peking, yaani Beijing ya China, mwaka 1961. Köln ya Ujerumani Magharibi, yaani Deutsche Welle, mwaka 1963. Moscow na Washington nao wakaingia miaka hiyo hiyo. Itazame orodha hiyo kwa makini: katika miaka isiyofika kumi, dola zilizokuwa zikivutana duniani ziliajiri Waswahili, zikanunua mitambo ya masafa mafupi, zikaanza kusema na wavuvi wa Pemba na wakulima wa Kilosa kwa lugha yao. Hakuna aliyefanya hivyo kwa sadaka. Na Dar es Salaam nayo haikukaa kimya: Redio Tanzania, kupitia idhaa yake ya nje, iliwapa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia nafasi ya kusema na watu wao waliokuwa chini ya ukoloni na makaburu. Kwa hiyo sisi hatukuwa wasikilizaji tu. Tulitangaza ng'ambo ya mpaka tukiwa nchi maskini, kwa sababu viongozi waliamua kulipia njia hiyo.

Babu yako alikuwa na redio ya mbao iliyotumia betri kubwa, na aliiweka juu ya kabati ili watoto tusiifikie. Jioni majirani walikuja na vigoda. Alisikiliza taarifa ya Dar es Salaam, halafu London, halafu anazungusha kitufe polepole kuitafuta Cairo kati ya mikwaruzo. Nilimwuliza kwa nini anarudia habari ile ile. Akasema anataka kujua kila mmoja ameacha nini. Mzee yule aliishia darasa la nne, na njia yake ya kusoma habari ni ile ile utakayofundishwa London kwa majina makubwa.

Katika vitabu utakavyopewa, redio hizo huelezwa kwa upande wa waliozimiliki: sera, bajeti, vita baridi. Wasikilizaji hutajwa kama idadi. Mtu wa kwenda Kilosa, Ujiji au Mombasa kuwauliza wazee walisikiliza vipi, waliamini nini, walikataa nini, ni lazima ajue Kiswahili cha barazani, na huyo ni wewe. Usiende kuandika tasnifu juu ya Hollywood, mwanangu. Wa kuandika hiyo wapo wengi.

Mambo haya si ya zamani tu. Machi 2025 serikali ya Marekani iliwapeleka likizo ya lazima karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na nyingine. Jirani yetu mmoja hapa aliikosa kabisa, akadhani redio yake imeharibika, akampelekea fundi. Uamuzi ulifanyika Washington, na msikilizaji wa Morogoro hakuwa na mahali pa kulalamika. Iliniuma, ingawa nilikuwa sikubaliani na mengi waliyoyatangaza.

Na intaneti usidhani imeondoa tatizo hilo. Waya wa kwanza wa telegrafu, yaani simu ya maandishi, ulifika Unguja mwaka 1879, ukiiunganisha na Aden upande wa kaskazini na Durban upande wa kusini, mali ya kampuni ya Kiingereza. Mikongo ya leo, SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, inapita bahari ile ile. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na wewe unakumbuka ulivyoshindwa kutuma kazi zako. Halafu kuna Nairobi, ambako vijana wa Kiafrika waliajiriwa kupitia kampuni ya kati kutazama picha za mauaji na udhalilishaji ili ziondolewe Facebook. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi huko mwaka 2022, na mwaka 2024 mahakama ya rufani ya Kenya ikasema Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushitakiwa nchini humo. Soma hukumu hizo. Kwangu mimi zina uzito kuliko sura nyingi za nadharia.

Nadharia zenyewe zitakuchosha mwanzoni. Wako watakaosema nchi kubwa zinatumeza kwa utamaduni wao, na wako watakaosema mtazamaji ana akili zake na huchagua anachotaka. Mimi nawaona wote wana haki kiasi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ya mke na mama mkwe. Mama yako hakukosa hata jioni moja. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Kwa hiyo China ilijua inachokifanya, na mama yako naye alijua anachokipenda: ugomvi wa wakwe ulikuwa unamhusu. Yote mawili ni kweli, na mtihani mzuri ni kuyaeleza pamoja.

Juu ya fedha tumeongea kwenye simu, sitarudia. Kama ufadhili utakaopata una sharti la kurudi nyumbani, lipokee kwa moyo mweupe.

Lililobaki ni la haraka. Watangazaji na wafasiri wa enzi zile ninaowafahamu wamebaki wachache, na afya zao si nzuri. Nimeshaongea na mmoja aliyehudumu kwenye idhaa ya nje miaka ya ukombozi. Anaishi Kilakala, hapa hapa Morogoro, amekubali kuhojiwa na kurekodiwa. Asubuhi ndiyo anakuwa na nguvu, jioni huchoka. Usingoje hadi uwe mwanafunzi. Omba ruhusa kazini, uje Ijumaa ulale hapa, Jumamosi saa tatu tuwe kwake. Kinasa sauti uje nacho, na betri za akiba, maana mtaa ule umeme unakatika sana.

Baba yako.