Yah: Malalamiko kuhusu betri na stata nilizouziwa ilhali kasoro ilikuwa waya wa ethi

Kwa Meneja wa Gereji,
Tawi la Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Naandika kudai shilingi 610,000 nilizolipa kwenye gereji yenu kwa betri na stata (mota ya kuwashia injini) ambazo gari langu halikuzihitaji. Kasoro ilikuwa waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Nakala za ankara na risiti za EFD nimeziambatanisha.

Gari lilikuja kwenu mwezi Februari baada ya kugongwa mbele, upande wa kushoto. Mlinyoosha bodi, mkabadilisha fenda, mkapiga rangi mpaka ndani ya boneti pale betri inapokaa. Kazi ya rangi sina neno nayo. Hata juani huoni palipoungwa. Shida ilianza baadaye. Asubuhi moja gari linawaka bila tabu, kesho yake ukigeuza ufunguo unasikia tik, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Usiku nikiwasha feni ya AC, taa za mbele zinacheza.

Nikalirudisha kwenu. Fundi aliyenipokea hakugusisha mita mahali popote. Alisoma tarehe iliyoandikwa juu ya betri, akasema imechoka, nikauziwa nyingine kwa 260,000. Mchezo ukawa uleule. Niliporudi, safari hii lawama ikahamia kwenye stata: nikaambiwa brashi zimekwisha, ikafungwa ya mtumba kwa 350,000 pamoja na ufundi. Stata yangu ya zamani sikurudishiwa, na nilipoiulizia nikajibiwa kwamba imeshatupwa. Stata haitupwi, Ndugu Meneja. Hata ikiwa imekufa kabisa ina bei yake kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani, na hilo ninyi mnalijua kuliko mimi.

Haukupita muda gari likanigomea ndani ya pantoni ya Kigamboni. Mlango umeshashushwa, waliokuwa nyuma yangu wanapiga honi, waenda kwa miguu wanapita wananitazama, na mimi nageuza ufunguo napata tik ileile, betri mpya na stata "mpya" zikiwa humo ndani. Vijana walilisukuma hadi nchi kavu, nikawapa cha soda.

Aliyelimaliza tatizo ni fundi umeme mwenye kibanda upande wa Kigamboni. Alianza kwa kupima betri: volti 12.6, haina tatizo. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Ikasoma volti 2.3. Alinieleza kwamba hapo, stata ikiwa inavuta, isizidi nusu volti. Ikizidi ujue umeme unapotelea njiani kabla ya kurudi kwenye betri. Akachukua waya wa kubustia, akaunganisha hasi ya betri moja kwa moja na injini. Gari likawaka papo hapo. Kutafuta kosa kuliishia hapo, na hakuwa ameniuzia kitu.

Kwenye gari hili waya wa hasi hutoka kwenye betri ukafungwa kwenye bodi, na pembeni kidogo, kwa bolti nyingine, waya wa pili hutoka kwenye bodi kwenda kwenye injini. Kwa hiyo umeme wote wa stata lazima upite kwenye bati. Alipofungua bolti hizo, chini ya pete za waya tulikuta rangi yenu ya fedha, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Aliyepiga rangi hakuziba sehemu hizo, na aliyefunga hakuzikwangua. Stata huvuta zaidi ya ampia mia moja, na zote zilikuwa zinapenya kwenye nyuzi za bolti peke yake, nazo zilishaanza kushika kutu. Ndiyo maana siku nyingine linawaka, siku nyingine halitaki. Mngenifungia hata betri ya lori, hali ingekuwa ileile.

Alichomoa hasi, akasugua kwa msasa mpaka bati likawa jeupe, upana wa pete tu, akasafisha na pete zenyewe. Moja ilikuwa imeungua ukingoni, akaikata na kubana mpya. Akakaza, akapaka grisi kwa juu kuzuia unyevu, akapima tena: 0.2. Malipo yake yalikuwa shilingi 15,000.

Kusahau kukwangua rangi ni kosa la fundi yeyote na ningelisamehe. Nisichokubali ni kuuziwa vipuri mara mbili bila kupimwa hata mara moja, tena na gereji ileile iliyofungua na kufunga waya hizo. Kuna na jambo la hatari: ethi ya injini ikiwa mbovu, umeme hujitafutia njia nyingine, na njia hiyo huweza kuwa kebo ya gia, ikapata moto hadi kuungua. Magari mangapi yametoka kwenu na rangi chini ya ethi, ninyi ndio wenye daftari la kazi. Wapigieni simu wenye magari hayo.

Mimi nataka nirudishiwe shilingi 610,000 na zile 15,000 za fundi wa Kigamboni, pamoja na stata yangu ya zamani au thamani yake. Nataka pia ethi ya taa za mbele, ambayo nayo iko eneo mlilopiga rangi, ifunguliwe na kusafishwa mbele yangu bila malipo. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji.

Betri na stata mlizofunga nitazirudisha siku hiyohiyo ya malipo. Ila stata isifunguliwe kwenye gari kabla ya ile ya kwangu kuwekwa mezani nikaiona.

Mteja wenu,
mwenye gari lililotajwa kwenye ankara zilizoambatanishwa.