Mwanangu, washike mikono

Mwanangu Rehema,

Huku hatujambo, goti tu ndilo limeshajua kuwa mvua za vuli zimeanza. Nimemwambia Hamisi azipige picha karatasi hizi akutumie, maana nikisema kwenye simu unanikatiza, "Mama nimekuelewa," nawe hujanielewa.

Ni hii habari ya Jumamosi.

Uliposema mnawapeleka watoto kwenye sherehe ya maboga nilicheka, nikajua unanitania. Jioni Hamisi akanisomea kwenye simu yake, kumbe kweli. Circleville, mji mdogo wa watu 14,000 hivi, kilomita 40 na kidogo kusini mwa hapo Columbus, Ohio, Marekani, mnapokaa. Kila Oktoba, kuanzia Jumatano ya tatu mpaka Jumamosi, unafurika watu wa kuhesabiwa kwa malaki. Wameanza mwaka 1903, meya wao alipopanga maboga na mabua ya mahindi mbele ya ofisi yake, basi watu wakapenda. Sawa, sina ugomvi na boga. Lakini umesema hakuna kiingilio, tena umesema kwa furaha. Mwanangu, pasipo kiingilio hapana geti. Ni barabara za mji zimefungwa magari yasipite, watu wanaingia na kutoka kila upande. Kwenye maonyesho ya Sabasaba angalau pana ukuta na geti, na mlinzi wa geti ana macho. Huko mtoto akichoropoka, anazuiliwa na nani?

Na siku mliyoichagua ndiyo Jumamosi, siku ya mwisho, siku ambayo kila mtu hayuko kazini. Najua zamu zako za usiku haziachi nafasi nyingine. Nasema tu.

Idrisa ana miaka mitano, anajiona mkubwa, hatataka kushikwa. Mshike. Salma asishuke kwenye kigari chake hata akilia, na Baba Idrisa asimbebe mabegani huku anapiga picha. Mkwe wangu ni mtu mzuri, ila nimeziona video zake: anatazama simu, mtoto yuko pembeni ya picha, mara hayumo.

Usiwavalishe rangi ya chungwa. Nimeziangalia picha zote alizonionyesha Hamisi, huko kila kitu ni cha rangi hiyo, maboga, mahema, fulana za watu, mpaka kofia. Mtoto mwenye sweta la chungwa pale utamtafuta mpaka usiku. Wavalishe kijani kibichi cha kupiga kelele, wote wawili sawa. Na ndani fulana ya mikono mirefu, asubuhi zenu za Oktoba ulisema zinafika nyuzijoto 6. Salma kifua chake ni cha babu yake.

Hilo la pili ulilosema ndilo limeninyima usingizi. Kwamba mkirudi mtapitia shamba moja, watoto wapande trela la marobota ya majani makavu linalovutwa na trekta, halafu muingie kwenye mahindi. Nikakuuliza kuvuna? Ukasema hapana, wamekata vijia ndani ya shamba, vingine havina kwa kutokea, watu wanalipa ili wapotee. Rehema. Pale kwenye maboga mnaingia bure, kwenye kupotea ndiko mnakotoa hela! Mahindi makavu yamempita baba mtu kimo, na wewe unamwingiza mtoto wa miaka mitatu. Bibi yangu alituambia kwenye mahindi kuna nguruwe, hakutuambia kuna tiketi. Najua utasema watu wote huko wanafanya hivyo na wanapewa ramani. Ramani anashika nani? Washike watoto, ramani mpe mkwe wangu.

Mambo ya Sabasaba unayajua, sirudii. Nataka useme nao jambo moja kabla ya kutoka nyumbani. Muulize Idrisa: mama yako anaitwa nani? Akijibu "Mama," bado hamjawa tayari kwenda. Awe na jina lako lote, na la baba yake, na namba ya simu aijue kwa kuimba. Salma mwandikie namba mkononi kwa kalamu ya wino, ndani ya kiwiko, pasipofutika kwa mate. Kile kipaza sauti naweza kukisikia mpaka leo. "Mtoto wa kike, gauni la njano, kiatu kimoja, anasema mama yake anaitwa Mama." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka pia, kabla sijatazama chini na kukuta hakuna mtu.

Miaka yote nimewaambia watu ulichoropoka mkono. Baba yako, Mungu amrehemu, aliondoka na hadithi hiyohiyo. Lakini sufuria zilikuwa seti, tatu kwa bei ya mbili, na noti huhesabiwa kwa mikono miwili. Basi. Ile kubwa bado ninayo, ndiyo ninayopikia wali wa Idi. Mfuniko umelegea kishikio, nimefunga waya.

Wewe hujambo katika mambo mengi, usidhani sioni. Unaendesha gari kwenye barabara za njia nne kila upande, gizani, unatoka kazini unawaogesha watoto unawapeleka shule. Mimi nilishindwa kuvuka Kilwa Road na mmoja. Nikimweleza Mama Ashura anadhani natia chumvi. Ila Kiswahili cha watoto hapana, hapo sikusifu. Juzi mume wangu mdogo ananiuliza kwenye video, "Bibi, boga ni nini?" Mtoto anakwenda kwenye sherehe ya maboga hajui boga! Na mke mwenzangu Salma ndiyo kabisa, ananipungia tu mkono kama mgeni wa kiwanja cha ndege. Mkiwa njiani wafundishe. Boga, mahindi, shamba, jina la bibi yao.

Hamisi anasema huko huletwa maboga yanayozidi kilo 500, yanainuliwa kwa mashine, mwenye zito kupita yote anapewa zawadi. Boga la kiasi hicho ni maji matupu, sitii nazi yangu humo. Nunua dogo, gumu, lenye ganda la kukwaruza, ulipike kwa tui na iliki, watoto wajue ladha yake kabla hawajalichonga macho na meno. Mbegu usitupe, kaanga na chumvi. Na uniulizie, mashamba makubwa hivyo, msusa, hayo majani ya maboga, wanaupeleka wapi? Usiniambie wanaacha ukauke.

Hela uliyotuma ilifika. Nimetengeneza paa la jikoni upande wa muembe, bati tatu, fundi amekula na ya nne. Gesi imeisha tangu Jumanne, natumia mkaa, usianze kulalamika, mtungi Hamisi anauleta kesho. Dawa za presha ninazo za wiki mbili.

Jumamosi mkiwa huko saa tisa mchana, hapa itakuwa saa nne usiku. Mkirudi nyumbani saa moja jioni, kwetu ni saa nane. Usiseme utaniacha nilale. Piga, hata kama watoto wamesinzia kwenye gari, nionyeshe wote wawili viti vya nyuma. Simu nitaiacha kwenye chaji sebuleni, chumbani mtandao haushiki, na mimi nitakuwa hapohapo kwenye kochi.

Mama yako