Mto wenu unaanzia kwetu

Kibosho, Moshi

Ndugu yangu Hamza,

Salamu nyingi kwako na kwa mama hapo Pangani. Huku hatujambo, ila baridi ya Julai inatutesa.

Uliniuliza kwa nini nasema mto wenu wa Pangani unaanzia nyumbani kwetu. Juzi alfajiri nilimfuata baba mdogo kwenye zamu yetu ya mfongo, mfereji wa kumwagilia migomba, na sasa naweza kukueleza.

Kwetu ni migongo na makorongo tu. Jirani unayemwona ng'ambo akianika kahawa, kumfikia ni kushuka na kupanda hadi magoti yatetemeke. Maji yako chini korongoni, watu na migomba wako juu. Basi wazee walipanda karibu na msitu, wakakinga mto kwa mawe na matawi, wakachimba mfereji ubavuni mwa korongo, ukiteremka taratibu kuliko mto wenyewe mpaka ukatokea juu ya mgongo. Ukisimama pale utaapa maji yanapanda mlima! Nilimuuliza baba mdogo walipimaje. Akasema waliyafuata maji yenyewe, hatua kwa hatua: "Yakikimbia yanakula mfereji, yakilala yanaacha mchanga."

Usiku maji hukusanywa kwenye nduwa, bwawa la udongo ambalo Wapare huliita ndiva. Baba mdogo alizamisha mkono hadi begani, akang'oa kizibo cha mgomba. Mimi nikangoja kihambani, shambani kwetu kwenye migomba. Ilitangulia sauti, kama mtu anayekanyaga majani makavu, kisha maji yakaja yakisukuma takataka za migomba na povu la kahawia. Nilivua kandambili nikasimama katikati.

Wageni hudhani tunakunywa theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Sehemu kubwa ni mvua inayonaswa na msitu, ndiyo maana kila mti unaokatwa kule juu unaniuma.

Maji yanayobaki huingia mto Karanga, yakafika mto Kikuletwa, yakakutana na mto Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapo ndipo mto unaitwa Pangani. Yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, kisha ya Maporomoko ya Pangani, megawati 68, kabla ya kupita chini ya kivuko chenu.

Nduwa ya upande wa shangazi imejaa tope, magimbi yameota ndani. Vijana wake wote wako mjini. Mwezi ujao tunakwenda kuizibua, na baba mdogo amehesabu watu saba tu wenye majembe. Njoo uwe wa nane.

Wako,
Aloyce