Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: RATIBA YA SHUGHULI ZA MAKTABA KWA WATU WA RIKA ZOTE MSIMU WA VULI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Dar es Salaam, na nimekuwa nikiingia Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tangu nikiwa mwanafunzi. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba linawagusa wazazi, walimu na wazee wengi, na ningependa nao walisome. Ninaomba Bodi iandae, kwa miezi ya Oktoba hadi Desemba, ratiba ya shughuli inayotangazwa mapema na inayompa nafasi kila mtu, kuanzia mtoto ambaye bado anatazama picha tu hadi mzee ambaye macho yake yamechoka.

Nimetaja vuli kwa kuwafikiria hasa watoto wanaomaliza darasa la saba. Mtihani wao hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati ipo miezi mitatu na zaidi ambayo mtoto wa miaka 13 au 14 hana mwalimu, hana kengele, na mara nyingi hana hata kitabu, kwa kuwa madaftari yake yameshachanwa kufungia karanga. Mzazi mwenye uwezo humlipia twisheni; asiye nao humtafutia cha kufanya. Tena kipindi hiki ndicho ambacho mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba anatakiwa ajiandae kusomeshwa kwa Kiingereza, na sijui maandalizi yaliyo bora kuliko kusoma vitabu vingi, vyepesi, vya lugha zote mbili, bila mtu kumtisha kwa alama.

Binti wa jirani yangu alipomaliza shule alikabidhiwa ndoo ya barafu za ukwaju akauze kituo cha daladala. Siku moja mvua ilimkimbiza hadi barazani kwangu, nikampa kitabu cha hadithi apitishe muda. Alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, midomo ikicheza, na alipofika kwenye neno “mkalimani” akaniuliza kama maana yake ni mtu mkali. Nilipomweleza alicheka, akarudia sentensi nzima kwa sauti, safari hii bila kidole. Mvua ilikatika na barafu ziliendelea kuyeyuka ndani ya ndoo, naye hakunyanyuka. Nilimfundisha mtoto huyu darasa la pili, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, na nakiri kwamba sikuwahi kumwona akisoma hivyo darasani. Alichokuwa amekikosa ni kitabu, mahali pa kukaa, na mtu mzima asiye na haraka.

Maktaba ina vyote vitatu, au inaweza kuwa navyo. Ninaomba kila Jumamosi asubuhi sehemu ya watoto iwe na saa mbili za kusoma kwa sauti na kusimulia hadithi, na siku moja ya katikati ya wiki itengwe kwa ajili ya waliomaliza darasa la saba. Ninatambua kwamba Novemba ni mwezi wa mtihani wa kidato cha nne, na kwamba vijana wanaojisomea pale wanahitaji ukimya. Hivyo shughuli zenye sauti zibaki sehemu ya watoto, na ukumbi mkubwa usiguswe mpaka watahiniwa wamalize.

Wazee nao nisingependa waalikwe kama wageni wa kukaa mbele na kupigiwa makofi. Mama yangu alijifunza kusoma katika darasa la kisomo, ndani ya ghala la chama cha ushirika, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alipata cheti, lakini kijijini hapakuwa na cha kusoma zaidi ya Biblia na karatasi za pamba, na herufi zikaanza kumponyoka. Kizazi kile bado kipo, kimehamia mjini kwa watoto na wajukuu. Maandishi makubwa, mwanga wa kutosha na kijana wa kuwasomea gazeti vingewarudisha kwenye kusoma, nao wangelipa kwa hadithi, mafumbo na methali ambazo watoto wetu wa mjini hawazisikii tena nyumbani.

Tarehe za kuzizungushia shughuli hizi zipo tayari. Oktoba 1 ni Siku ya Wazee Duniani, na Oktoba 15 ni Siku ya Fimbo Nyeupe, siku ya wasioona, ambayo ingefaa kwa wasomaji wa nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole. Oktoba 14 tunamkumbuka Mwalimu, ambaye ndiye aliyelifungua jengo la Maktaba Kuu, Desemba 9, 1967, siku ya Uhuru. Sikumbuki kuona watoto wa jiji hili wakiambiwa kwamba nchi yao na maktaba yao zina siku moja ya kuzaliwa.

Kuhusu watumishi, Bodi inacho chuo chake Bagamoyo kinachofundisha ukutubi, na wanachuo wanahitaji mafunzo kwa vitendo. Vuli moja ya kuwasomea watoto ingewafunza mengi kuhusu wasomaji. Walimu wastaafu tupo wengi, na tunachohitaji ni kuitwa. Gharama iliyobaki ni mikeka, chai, na kusamehe kiingilio kwa siku za shughuli. Matangazo yapitie kwa walimu wakuu kabla ya mtihani wa Septemba, kwa kuwa baada ya hapo watoto hutawanyika na huwapati tena, na pia kwa wenyeviti wa serikali za mitaa, misikitini na makanisani.

Najua Dodoma, Iringa na Mbeya hazina vuli, mvua zao zikiwa za msimu mmoja; lakini kalenda ya shule ni moja, na maktaba za mikoa zinaweza kufuata ratiba hiyohiyo kwa kadiri ya uwezo wao.

Kwa upande wangu, nipo tayari kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Binti wa ukwaju yupo sekondari sasa, na amesema atakuja na mdogo wake, ambaye mwaka huu yupo darasa la saba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, Dar es Salaam