Samaki wako wanakosa pumzi

Pujini, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika na imenihuzunisha mno. Mwatiko uliowalea tangu vifaranga, leo uwakute alfajiri wamepandisha vichwa wakihema, wengine wameshaelea! Jirani anashuku sumu. Ingekuwa sumu, waliobaki wasingechangamka jua lilipopanda. Maji yako yameishiwa oksijeni, shoga yangu.

Ule ukijani wa bwawa ni vimea vidogo mno. Mchana hutengeneza oksijeni kwa jua, usiku navyo huivuta, pamoja na samaki na uozo ulioko chini. Ndiyo maana hali huwa mbaya kuliko zote karibu na kucha, hasa ikiwa mchana ulikuwa wa mawingu. Tena maji ya bahari yakifika nyuzi 30 hayabebi oksijeni zaidi ya miligramu 6 na kidogo kwa lita. Samaki hustawi kwenye 5 kwenda juu. Ikishuka chini ya 2, vifo haviko mbali.

Leo hii simamisha pumba na mbolea ya kuku. Wenzako wa kikundi watanung'unika kwamba samaki watakonda, waache wanung'unike. Chakula kisicholiwa kinaoza, na uozo unakula hewa ileile. Kisha funga kisahani cheupe kwenye kijiti, ukizamishe polepole mchana. Kikipotea machoni kabla ya sentimita 20, ukijani umezidi.

Bamvua likija, yaani bahari ikijaa sana, fungua mlango wa bwawa, toa maji ya chini yenye uchafu, ingiza mapya. Wafugaji wengi huko Makoba, Unguja, na huku kwetu hulisha kwa kipimo kilekile mwezi mzima, nami naona hapo ndipo tunapoumia. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, maji yake hayafiki mlangoni, bwawa linabaki na maji yake yaleyale. Chakula kipunguzwe kabla ya siku hizo, si baada ya samaki kuelea.

Wakianza kuhema na maji ni mafu, azimeni pampu. Ivute maji ya bwawa na kuyamwaga kutoka juu kwenye bati lililotobolewa matundu, yaanguke kwa matonematone yakichanganyika na hewa. Iwasheni kuanzia saa nane usiku mpaka jua litoke. Kuiwasha mchana wa jua kali ni kuchoma mafuta bure.

Na masika yakiingia, kumbuka mvua kubwa hutandaza maji yake juu ya yale ya chumvi kama mfuniko, ya chini yakakosa hewa. Hapo ondoa vibao vya juu tu vya mlango, maji ya mvua yatoke.

Niandikie haraka uniambie kisahani kimepotelea wapi, na mlango wako una vibao vingapi. Wasalimie wote wa kikundi.

Shoga yako akupendaye